Nyumba Ambayo Haikuchukuliwa

Tuliokuwepo ni hawa. Mimi ninayesimulia, nyumba yangu iko mtaa wa Oli, upande ule ardhi inapoteremka kuelekea mtoni. Mjukuu wa kaka yangu, msichana aliyemaliza shule akapata kazi ya muda na vijana wanaochora ramani kwa simu. Baba yake ni mtoto wa kaka yangu wa tumbo moja, kwa hiyo ananiita bibi na akinikosea namkemea bila kuogopa mtu. Jirani yangu wa chini, mama aliyetoka Sudan Kusini, ambaye hatuna damu moja lakini tumeombana moto wa jikoni tangu mwaka alipofika. Mtoto wake wa mwisho, mvulana aliyekuwa ndiyo kwanza anatembea. Kitovu chake nilikikata mimi. Na mama wa Congo, muuza mandazi, uwanja wake umepakana na wangu, ndugu yangu wa kanisani na wa kugombana.

Wanawake wengine wa mtaa walikuwepo pia. Nawakumbuka wote, kila mmoja kwa jina lake na jina la mama yake, ingawa shule niliachia darasa la tatu. Lakini majina hayo sitayaweka hapa. Haya yote yalitokea kwa sababu watu waliogopa kuandikwa, na ugonjwa huo wa kuogopa mimi mwenyewe bado sijapona.

Ulikuwa msimu wa mvua, na watu wa Oli wakaanza kuharisha. Si kuharisha kwa embe bichi. Mtu alikuwa anakwenda chooni asubuhi akiwa mzima, na jioni macho yameingia ndani na sauti imekauka. Tuliambiwa ni kipindupindu. Mzee mmoja wa juu, karibu na barabara, akafa, kisha mama aliyekuwa akinyonyesha, na hapo ndipo vijana wa ramani wakaletwa mtaani kwetu, ili ijulikane ugonjwa unatoka wapi.

Walikwenda nyumba hadi nyumba. Mmoja anasimama mlangoni, ananyoosha simu juu kama mtu anayetafuta mtandao, anangoja kidogo, kisha anamwambia mwenzake, "Hii nimechukua." Wakifika mwisho wa njia wanaulizana, wewe umechukua ngapi, umechukua mpaka wapi. Kwao neno hilo lilikuwa na maana kwamba simu imeshika mahali nyumba ilipo, imeweka doa kwenye ramani, basi. Mjukuu wangu alikuwa miongoni mwao, akichukua nyumba za watu na kutabasamu.

Sasa nieleze sisi tulisikia nini. Huku kwetu Kiswahili hakikuletwa na mwalimu. Kililetwa na askari. Mwaka tuliokimbilia Congo, askari walisimama katika uwanja wa baba yangu, mkubwa wao akamnyooshea kidole baba yangu mdogo, akasema, "Chukua huyu." Wakamchukua. Mpaka leo hatujui kaburi lake. Baadaye, huko Congo, nilijifunza Kiswahili kingine, cha sokoni, cha kuimba kanisani, cha kuombea chumvi, nikakipenda hata nikaota ndoto ndani yake. Lakini neno lile moja halikubadilika ndani yangu. Nikilisikia mlangoni, magoti yananiambia nikimbie kabla kichwa hakijafikiri.

Jirani yangu wa chini alikuja jikoni kwangu siku ile ile, ameshika ncha ya kitenge chake.

"Haboba," akasema. Kwao haboba ni bibi, ndivyo anavyoniita. "Hawa watoto wanachukua nyumba za watu. Wanapeleka wapi?"

Nikamwambia hawapeleki popote, nyumba inabaki pale pale. Aliniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtoto anayesema mama yake aliyekufa atarudi kesho. Akaniambia kwamba kijijini kwao watu wa kwanza walikuja wakiuliza tu, nani anakaa nyumba hii, nani anakaa ile, na walikuwa na adabu, walikunywa hata maji. Watu wa pili waliokuja hawakuuliza kitu, maana walishajua.

"Mimi hapana taka," akasema. "Wakiuliza, nyumba yangu hakuna."

Tukakubali. Hatukukaa kikao, wala hakuna aliyemwambia mwenzake afanye hivi. Wanawake wa rika langu tumewahi kuwa wakimbizi, na ukimbizi una mafunzo yake: mtu mgeni akikuuliza nani anaishi pale, hujui, akikuuliza njia ile inakwenda wapi, inakwenda porini. Nyumba yenyewe ilikuwa rahisi kuficha. Iko bondeni nyuma ya migomba, ya nyasi, na njia yake inapita uwanjani kwangu tu. Vijana walipofika kwangu wakauliza huko nyuma kuna nini. Nikasema migomba. Mama wa Congo akasema migomba. Hata watoto walisema migomba.

Kitu kimoja hatukukifikiria. Kando ya nyumba ile kuna chemchemi. Bomba la juu likikauka, na lilikuwa limekauka, sote tulishuka kuchota pale. Tulipomficha jirani tuliificha na chemchemi pamoja naye, kama mtu anayefunga mlango bila kuangalia nani amebaki ndani.

Siku chache baadaye mjukuu wangu akatukusanya wanawake uwanjani kwangu. Alisema simu yake imejaa madoa lakini madoa hayasemi, anataka sisi tumwonyeshe mtaa wetu kwa mikono yetu. Tukamwaga majivu kuwa mto. Tukaweka mawe kuwa nyumba. Nyumba yenye mgonjwa, au iliyozika, tukaiwekea kipande cha mkaa juu ya jiwe. Mwanzoni ilikuwa kama mchezo. Tulibishana nani yuko karibu na barabara, nani jiwe lake ni kubwa kuliko nyumba yake. Mjukuu wangu alipomwambia mama wa Congo aweke na choo chake pia, yule akashika kiuno.

"Choo yangu nayo munachukua?" akasema. "Sawa. Lakini muchukue na nzi zake zote, musiniachie hata moja."

Tukacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Kisha mkaa ukaendelea kuwekwa, jiwe hili, na lile, na la pembeni yake, na kicheko kikaisha chenyewe. Nilikuwa naona mtaa wangu kama ndege anavyouona, na ulikuwa unaungua.

Mjukuu wangu akazunguka ramani ile polepole. Juu, karibu na barabara, mawe yalikuwa mengi na mkaa kidogo. Chini mkaa ulikuwa umekusanyika kama wanawake kwenye kilio, lakini katikati yake kulikuwa na mahali patupu, pamefagiliwa, hapana hata kokoto. Kila aliyepita kuweka jiwe lake alikuwa amepazunguka.

"Bibi," akasema, "hapa kuna nini?"

"Migomba."

"Migomba haiharishi. Watu wa nyumba zote hizi wanakwenda kufanya nini kwenye migomba?"

Tuliangalia miguu yetu. Na yeye, akitaka kuona vizuri, akapiga hatua akaingia pale patupu, akasimama na viatu vyake juu ya nyumba ya watu bila kujua, akainua simu na kuchukua picha ya mawe yote. Niliposhusha macho yangu kutoka kwenye ile simu nikaona majani ya migomba yanatikisika wala hakuna upepo. Jirani yangu alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa ameona yote.

Nilitaka kushuka kwake jioni ile nimtulize. Mvua ikanifunga ndani, na ukweli ni kwamba sikujua ningemwambia nini.

Asubuhi mama wa Congo alirudi kutoka kuuza mandazi na beseni bado lina mandazi. Hilo peke yake lilinishtua. Akaniambia amemwona jirani yetu akipanda gari la kwenda Koboko, mtoto mgongoni, fuko kichwani.

"Mama, ule mutoto si muzima," akasema. "Kichwa inaanguka huku na huku. Na alipomufungua kumufunga tena, kitambaa yote ilikuwa maji, maji tu, kama ya muchele."

Nilishuka mbio chini kwenye migomba. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kamba. Nyuma yake, kwenye jiwe la kufulia, kulikuwa na vitambaa vya mtoto, vingi, vimefuliwa vikaachwa. Kwa hiyo alikuwa mgonjwa tangu jana, labda tangu juzi, na mama yake hakuthubutu kumpeleka kituo cha afya kwa kuwa jambo la kwanza wanalouliza pale ni unakaa wapi. Badala yake alikuwa anapitia Koboko ampeleke Oraba, mpakani, avuke kwenda Kaya, Sudan Kusini, kwa dada yake. Najua barabara ile. Mtoto anayetoka maji namna hiyo hawezi kufika Kaya.

Nikaenda kwa mjukuu wangu nikamwambia yote. Kwamba kwenye migomba kuna nyumba, kuna mama, kuna chemchemi, na kuna mtoto ambaye sasa hivi yuko njiani anakauka. Nilingoja anikasirikie. Aliniuliza tu kama mtoto ameshaanza kutapika, kisha akaingia jikoni, akachemsha maji, akayatia chumvi na sukari, akayajaza kwenye chupa, akamwita mwenye boda anayemjua.

Njia nzima ya Koboko nilikuwa nimefumba macho. Si kwa sababu ya mwendo. Kila nikiyafumbua nilikuwa naangalia kando ya barabara, nikitafuta mama aliyekaa chini na kitenge kimefunika kitu kidogo mpaka usoni. Niliwahi kuwaona akina mama wa namna hiyo, mwaka ule tulipokimbia. Nilikuwa namwomba Mungu nisimwone, halafu nilikuwa namwomba nimwone.

Koboko tuliuliza kwenye magari. Wakatuelekeza wanapongoja malori ya kwenda Oraba. Utingo mmoja akasema ndiyo, alikuja mama na mtoto anayenuka, dereva akakataa kuwapakia, na alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayesema mzigo ulikuwa mbichi. Tukamkuta amekaa kwenye kivuli cha lori lililoharibika, mtoto mapajani. Kitenge hakikuwa kimefunika uso. Nikashukuru.

Aliponiona uso wake ulifunguka. Alipomwona niliyekuja naye, ukajifunga.

"Haboba," akasema polepole, "umeniletea mwenye kuchukua."

Nimeitwa majina mengi maishani. Hilo lilinipiga kuliko yote, kwa sababu macho aliyoniangalia nayo niliyajua. Ndiyo yaliyokuwa macho ya mama yangu, siku ile uwanjani, akimwangalia mkubwa wa askari.

Nilipiga magoti, nikachovya kidole kwenye yale maji ya chumvi na sukari, nikayadondosha kwenye midomo ya mtoto. Akalamba. Mama yake aliniacha, lakini mkono wake mmoja ulikuwa umeshika nguo ya mtoto kwa nguvu, tayari kuondoka.

Hapo mjukuu wangu akafanya kosa, na alilifanya kwa moyo mzuri. Akachuchumaa, akatoa simu, akaifungua kwenye ramani, akasema mama usiogope, tazama, ni picha tu, hakuna jina la mtu hapa, ni mapaa tu. Akamwonyesha Oli. Akamwonyesha migomba, na katikati yake kona ndogo ya paa la nyasi, ambayo wao walidhani ni banda la mbuzi.

"Hii picha alipiga nani?" jirani akauliza.

"Inapigwa toka juu, mama."

"Toka juu."

"Ndiyo. Juu sana."

Alimkusanya mtoto akamfunika kwa mwili wake wote, pale pale mchana, chini ya anga tupu. Kisha akasema, "Kwetu, kitu ikikuangalia toka juu, nyuma yake iko moto."

Mjukuu wangu alizaliwa wakati wa amani, hakujua ndege ile ya mabomu inayosemwa. Mimi nilijua.

"Nani anaona hii?" jirani akauliza tena. "Usinidanganye."

"Watu wa afya, wanaona. Na wengine wanaona." Akaishusha simu. "Wote siwajui, mama."

Nikasema moyoni basi, ameharibu. Angemdanganya kidogo tu. Dereva mmoja alikuwa akipiga honi kuita watu wa Oraba, na jirani yangu alikuwa ameshaanza kuinuka. Nikadondosha maji tena kwenye midomo ya mtoto. Safari hii hakulamba. Maji yalipita pembeni mwa mdomo yakaingia sikioni, na yeye hakukunja hata uso.

Sote watatu tuliyaona maji yale.

Jirani akakaa tena chini. Alikaa kama mtu aliyesukumwa. Hakuangalia tena lori. Aliangalia simu mkononi mwa mjukuu wangu, kama unavyomwangalia mbwa unayemwogopa lakini ndiye peke yake anayejua njia.

"Hiyo kitu inajua dawa iko wapi?"

"Inajua."

"Hapa Koboko?"

"Hapa hapa. Nyuma ya soko, wameweka hema."

"Tembea mbele," akasema. "Mimi nafuata. Usinishike."

Tulikwenda hivyo. Mjukuu wangu mbele, ameshika simu kifuani, akikata kwa njia za nyuma za soko ambazo hajawahi kuzipita, na kila tulipofika njia panda aliangalia na kugeuka bila kuuliza mtu. Mimi nyuma yake. Jirani nyuma yangu, nikimsikia akisema jina la mtoto, mara nyingi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayevuta kamba kutoka kisimani. Nilikuwa naogopa kugeuka. Niliwaza, akinyamaza ndiyo imekwisha.

Hemani nesi hakuuliza kitu kwanza. Alitafuta mshipa mkononi hakuupata, akatafuta mguuni, akatafuta kichwani, akaupata. Maji yakaanza kushuka kwenye mpira. Tulikaa tukiyatazama, tone na tone, mpaka mtoto alipolia. Kilio chembamba, cha hasira. Sijawahi kusikia wimbo mzuri kama huo.

Ndipo nesi akauliza, "Mnakaa wapi?"

Jirani yangu akageuka jiwe. Nami pia. Mafunzo yalirudi yenyewe: hujui, ni porini, ni migomba. Nesi alingoja, akasema tena bila ukali kwamba maji aliyokunywa mtoto huyu kuna watoto wengine wanayanywa saa hiyo, na akijua yalipo ataweza kuwatuma watu leo. Mjukuu wangu hakusema neno, na alikuwa anajua. Aliiweka simu juu ya meza, imefunguka kwenye ramani yetu, madoa yote na pale patupu katikati, akarudi nyuma.

Halafu kidole kikatoka, kikagusa pale patupu.

"Hapa."

Siku hiyo hiyo watu wakashuka Oli wakaifunga chemchemi, na kwa kuwa vyoo vyetu vyote viko juu yake kwenye mteremko, walipotueleza maji yanavyopita chini ya ardhi hakuna aliyebisha. Mama wa Congo alikaa na beseni lake tupu akasema basi nzi wake walikuwa hawana makosa. Wakaleta tangi la maji barabarani. Wagonjwa wakapungua, kisha wakaisha. Mtoto alirudi mwembamba kama ufito, na sasa anapanda miti na kunitukana.

Jirani yangu bado anakaa chini yangu. Nyumba yake iko kwenye ramani, ina doa kama zetu. Lakini nyuma ya mlango wake kuna fuko, nimeliona, lina nguo za mtoto, na kila mtoto anapokua anatoa zile ndogo na kuweka zinazomtosha. Hajawahi kulifungua kwa safari. Hajawahi kuliondoa. Na mimi nikimwona kijana nisiyemjua amesimama njiani ameinua simu juu, naacha ninachofanya, naingia ndani, nangoja apite. Mpaka sasa wanapita tu.

Kuna jambo moja tunalobishana. Mimi nakumbuka kidole kilichogusa ramani kilikuwa cha jirani yangu. Nakiona kabisa, kirefu, ukucha umevunjika. Mjukuu wangu anasema, bibi, jirani alikuwa amemshika mtoto kwa mikono miwili asichomoe mpira. Kidole kilikuwa chako. Jirani nikimwuliza anasukuma kuni ndani ya moto na kuniambia maji yamechemka.

Wewe uliyekuwa ndani ya hema lile, kwenye benchi upande wa mlango, mwenye mgonjwa wako au mwenye kufagia, huenda uliona. Kama nimekumbuka vibaya, nisahihishe. Nijue mimi ndiye niliyeitoa nyumba ya mwenzangu, ili wale wa pili, wasiouliza kitu, wakija, niwe nimekaa mlangoni mwake kabla yao.